Mbili kwa Moja

Kampala
Ijumaa, 2 Agosti 1996

Kwa Mwaitu,

Nimefika salama, mama yangu. Mjomba Kyule ndiye atakayekuletea barua hii, na anasema basi lake litakuwa kwenye barabara ya Kampala wiki nzima, kwa hivyo tuandikiane tu, atabeba. Sharti lake unalijua, ni lile la kwa Babu: aliyetumwa na barua harudi mikono mitupu. Ukimpa yako, atanisimamia hapa mpaka nijibu, hata kama ninaosha miguu.

Sasa weka chini hilo debe la nyanya uketi. Nimewekwa meza ya kwanza.

Tuko wanne kwenye timu yetu ya sataranji ya wanawake: mimi, Wangu wa pale Kariokor, Nduta, na Lorraine. Kila siku wanaketi watatu, kwa meza tatu, na mmoja anapumzika. Kabla ya siku ya kwanza nahodha, Bwana Masinde, anaandika majina kwa mpangilio, na mpangilio huo haubadilishwi tena mpaka mashindano yaishe. Jana aliniita kando peke yangu akasema, "Kasiva, nataka wewe uwe meza ya kwanza." Mimi, niliyeshika mkia katika mchujo wa Nairobi! Nilimshukuru kwa mikono miwili. Labda ameniona na kitu ambacho mwenyewe sijakiona.

Mwambie Baba, kama atakubali kuambiwa. Najua alichosema, kwamba mtu anayeacha kazi ya godauni pale Industrial Area ili akasukume vijiti vya mbao asimtume yeye kuibembeleza kazi hiyo akirudi. Sawa. Sitamtuma. Lakini nataka kushinda, Mwaitu. Hata mchezo mmoja tu, pale meza ya kwanza, nirudi Mbotela nikiwa na la kumwambia usoni.

Ni mimi binti yako,
Kasiva


Mbotela, Nairobi
Jumapili, 4 Agosti 1996

Kasiva mwanangu,

Sisi wazima, isipokuwa mfereji wa mtaa ambao umekauka tena, na foleni ya maji sasa imekuwa ndiyo bunge letu.

Leo kanisani, wakati wa matangazo, nilisimama. Mzee wa kanisa alitaka kunipita, nikamwambia hapana, na mimi nina tangazo. Nikasema binti yangu yuko Kampala anachezea Kenya sataranji, na amewekwa meza ya kwanza. Mchungaji akauliza meza ya kwanza maana yake nini. Sikujua, lakini ningekubalije kunyamaza mbele ya watu? Nikamwambia ni kama yule anayeanzisha wimbo kwenye kwaya, wengine wote wanamfuata. Wakapiga makofi. Kanyiva, jirani yetu mwenye mdomo, naye alipiga, ingawa polepole.

Baba yako aliendelea kula. Baadaye akaniuliza, bila kuniangalia, meza zenyewe ni ngapi. Nikasema tatu. Akasema, "Mm." Wewe unamjua Matheka. Hiyo kwake ni hotuba.

Wale waliosema msichana haachi mshahara kwa ajili ya mchezo, wamenitafuta leo kunisalimia kwa mkono. Niliwapa vidole viwili tu. Sasa nieleze huo mchezo unapangwaje, maana watu wananiuliza na mimi ninajibu uongo ndani ya wiki ya maombi. Kyule nimemwambia asitoke hapo bila jibu.

Mama yako,
Kavindu


Kampala
Jumatatu, 5 Agosti 1996

Kwa Mwaitu,

Mjomba amekaa kwenye kitanda changu, ameweka kofia magotini, anangoja. Basi nieleze.

Kila asubuhi nahodha anapeleka karatasi kwa mwamuzi, kabla ya saa nne: leo wanacheza hawa, huyu anapumzika. Hawezi kuwapanga apendavyo. Nikipumzika mimi, Wangu anapanda meza ya kwanza, Nduta anapanda ya pili, na Lorraine anaingia ya tatu. Na nahodha akichelewa, karatasi yake haipokelewi. Wanacheza watatu wa kwanza kwenye ule mpangilio wa mwanzo, apende asipende. Jana nahodha wa timu moja alifika anahema, shati limetoka nje, akaambiwa akae tu. Alibishana mpaka akachoka.

Meza yetu ya kwanza inakutana na meza ya kwanza ya wenzetu, ya pili na ya pili, hivyo hivyo. Kila anayeshinda analeta pointi moja, na pointi zote za timu zinajumlishwa kwa siku zote saba. Jioni wanatazama nani ana ngapi, na wanaolingana au kukaribiana ndio wanaokutanishwa kesho yake. Kwa hivyo ukishinda usifurahi sana, umejitafutia mkubwa zaidi. Mlima unazidi kuwa mkali kila siku.

Matokeo ni haya. Jumamosi tumeshinda mbili kwa moja. Jana mbili kwa moja. Leo pia mbili kwa moja. Watu hapa wameanza kuuliza hawa Wakenya wametoka wapi.

Mambo ya meza yangu mimi nitakueleza nikija, ni marefu. Salimia Baba.

Kasiva


Mbotela
Jumanne, 6 Agosti 1996

Kasiva mwanangu,

Barua yako imesomwa mferejini mara nyingi mpaka imelowa pembeni. Siku tatu, ushindi mara tatu! Nimeuza nyanya zote kabla ya adhuhuri, kwa sababu kila mtu anataka kununua kwa mama wa meza ya kwanza.

Lakini Kanyiva, ambaye hawezi kuona sahani safi bila kuitafutia nywele, akauliza: kama kila siku ni mbili kwa moja, huyo mmoja anayeshindwa kila siku ni nani? Nikamwambia si wangu, wangu ni meza ya kwanza. Tulilijadili na tukaafikiana kwamba ni huyo Lorraine. Jina lenyewe ni la mtu anayeamshwa kwa chai.

Sasa na mimi naudhika. Mwenzenu anakula chakula cha timu, analala kitanda cha timu, halafu kila siku anawavuta nyuma! Nahodha wenu hana macho? Nyanya iliyooza mimi siiachi kwenye fungu, nitapoteza fungu zima. Mwambie amtoe. Na mwambie huyo msichana, kutoka kwangu mimi Kavindu, kwamba ajikaze au arudi nyumbani akasuke viondo. Tumemwombea kwenye kikundi cha akina mama, lakini sikudanganyi, hatukumwombea kwa moyo wote.

Sote tulicheka sana jioni nilipokuwa nikisimulia haya hapa nyumbani. Baba yako peke yake ndiye hakucheka. Alisema, "Huyo naye ana mama." Nikamwambia anyamaze ale.

Mama yako,
Kavindu


Kampala
Jumatano, 7 Agosti 1996

Kwa Mwaitu,

Huyo anayeshindwa kila siku ni mimi.

Lorraine hajacheza hata siku moja, mwombeni msamaha. Mimi nimecheza siku zote tano na nimeshindwa zote tano. Wanaoshinda ni Wangu na Nduta.

Jumapili, baada ya kushindwa mara ya pili, niliwaambia wenzangu sielewi mbona ninapewa watu wagumu hivi. Wangu aliacha kufua, akaniangalia kwa huruma ambayo ilinikera. Akanieleza kwamba kila nchi inaweka mchezaji wake hodari kuliko wote meza ya kwanza. Masinde ameweka dhaifu wake kuliko wote, ili nishindwe na hao hodari, na Wangu na Nduta wakutane na wale wa chini yao. Mimi ni kafara, Mwaitu. Masinde alianza kumwambia Lorraine na Lorraine akakataa, kwa sababu anajua maana yake. Mimi sikujua. Kwetu anayeketishwa mbele ameheshimiwa, sasa ningejuaje? Niliketi nikajinyoosha na mgongo.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ujanja wenyewe unafanya kazi. Tuko karibu kabisa na medali.

Leo Masinde ameniambia raundi ya mwisho, Ijumaa, nitapumzika. Siku hiyo watahitaji pointi zote tatu, si mbili, kwa hivyo kafara haitakiwi tena. Akanipiga bega akasema, "Umefanya kazi yako, Kasiva." Kazi yangu ilikuwa kushindwa! Nikamwambia sipumziki, ninacheza. Akasema karatasi anaiandika yeye.

Lakini sikiliza. Wa Jumamosi alinimaliza kabla hata kiti hakijapata joto. Wa leo alihangaika na mimi mpaka ukumbi ukabaki na sisi wawili tu, akafuta jasho, na alipoondoka aliuliza jina langu. Kuna kitu ninajifunza kwa hawa wanaonipiga, na nimekaribia. Sitaki kuhurumiwa. Nataka kiti changu siku ya Ijumaa.

Pale mferejini sema ninaumwa malaria. Baba usimwambie lolote.

Kasiva


Mbotela
Alhamisi, 8 Agosti 1996

Kasiva,

Niliisoma barua yako kwenye kibanda, wateja wakiwa wamesimama, nikasahau kama nina wateja. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilimtukana mtoto wa mwenzangu, kumbe ninakutukana wewe. Nisamehe. Na huyo Lorraine nitamwona uso kwa uso, nimwombe msamaha pia.

Kuhusu malaria, hapana. Sisemi. Nilikwenda mferejini foleni ikiwa ndefu, nikatua mtungi wangu, nikawaambia: yule anayeshindwa kila siku ni wangu, mimi ndiye niliyemzaa, na mwenye neno alitoe sasa hivi nikiwa hapa. Halafu, hutaamini, Kanyiva akanipisha mbele kwenye foleni.

Baba yako alikuwa anajua. Anasema alijua tangu Jumanne, kwa sababu ungekuwa umeshinda hata mara moja ungeandika ukurasa mzima. Nilimsomea barua yote. Aliinuka akaenda mpaka mlangoni, akasimama huko akinipa mgongo. Alisema, "Mwambie asitoke kwenye hicho kiti." Mimi ni mpeleka ujumbe tu.

Kyule amebeba barua mbili. Ya pili si yako, ni ya huyo nahodha. Usimwombe akuonyeshe.

Mama yako


Mbotela
Alhamisi, 8 Agosti 1996

Kwa Bwana Masinde, nahodha,

Hatujuani. Mimi ni Kavindu, muuza nyanya wa Mbotela, mama yake Kasiva. Ninakusalimu kwa heshima, na heshima yenyewe nimeipima isimwagike kabla ya mwisho wa barua.

Sataranji siijui. Kama meza ya kwanza inafaa kuketiwa na hodari au na dhaifu, hilo ni shamba lako, lima upendavyo. Mimi ninakuandikia juu ya kitu ninachokijua. Ulimwita mtoto wangu kando, peke yake, ukampa kiti cha mbele, na hukumwambia ni cha nini. Alikushukuru, ukapokea shukrani yake! Uliipokea vipi, ndugu yangu? Ulimtazama machoni au ulitazama viatu?

Mbuzi wa kafara haambiwi, kwa sababu ni mbuzi. Kasiva ana masikio. Ungemwambia kweli, na mimi ninamjua nilivyomlea, angefikiri kidogo halafu angekwambia sawa, nitashindwa kwa ajili ya wenzangu. Angeketi pale kila siku akijua anabeba nini. Wewe ulimnyima hilo, na mimi ukanifanya nisimame kanisani kujisifu, na mtaa mzima ukamlaani mtoto wangu bila kujua, mimi nikiwa wa kwanza.

Na sasa siku ya mwisho unamwambia ashuke. Amebeba mzigo mpaka juu ya kilima, mmekaribia kilele, na unamwambia akae kando wenzake wapigwe picha. Jambo hilo mimi silikubali, na baba yake halikubali, na kuna foleni nzima ya maji hapa Mbotela isiyolikubali.

Mleta barua ni ndugu yangu Kyule. Ni mpole, lakini umbo lake utaliona mwenyewe. Kwetu mtu akitumwa na barua hungoja jibu, na nimemwagiza asitoke mlangoni bila jibu la mtu mzima kwa mtu mzima. Usimpe mistari miwili, kwa sababu amesoma na atakurudishia.

Mimi,
Kavindu wa Matheka


Kampala
Ijumaa, 9 Agosti 1996, asubuhi

Kwa Mama Kasiva,

Salamu. Ndugu yako amejaa mlangoni mwangu tangu nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nilimwandikia mistari mitatu ya adabu. Aliisoma, akatikisa kichwa, akanirudishia. Nikaandika tena nusu ukurasa. Akaniuliza swali la viatu nimelijibu wapi. Hii ni ya tatu, na nitajaribu kusema kweli ili niachiwe mlango.

Nilitazama viatu, mama.

Nina wachezaji wanne na nchi nyingine zina klabu, zina walimu, zina wafadhili. Nilitafuta njia ya timu kusimama, na njia niliyoiona ilikuwa ni mtu mmoja aanguke ili wawili wapite. Hesabu ilikuwa sahihi na ushahidi ni nafasi tuliyonayo. Lakini Kasiva sikumwambia kwa sababu niliogopa atakataa kama mwenzake alivyokataa. Haikunijia akilini kwamba angeweza kujua na bado akubali. Hapo umenishinda.

Hata hivyo nitakuwa mkweli mpaka mwisho. Leo tunakutana na timu inayoongoza, na medali inataka tushinde meza zote tatu. Meza ya kwanza yao ni mtu ambaye hajashindwa tangu tulipofika. Kwa hivyo Kasiva atapumzika. Karatasi imo mfukoni mwangu, na nikimaliza barua hii nitaipeleka kwa mwamuzi. Nikasirikie, lakini mimi ndiye nahodha.

Wako katika mchezo,
Masinde

Nyongeza: Ndugu yako ameisoma hii na ameikubali, akanishika mkono vizuri sana. Nimekwenda mbio. Saa nne ilikuwa imepita, na mwamuzi hakuinua hata macho. Sijui nicheke au nilie. Binti yako anacheza.


Kampala
Ijumaa, 9 Agosti 1996, jioni

Kwa Mwaitu,

Mjomba yuko kwenye usukani tayari na ananipigia honi, lakini leo atangoja kidogo.

Nilikuwa ninafua, Wangu alipokuja mbio kuniambia nivae. Nilidhani ni mzaha. Niliketi meza ya kwanza mikono ya sweta ikiwa bado inadondosha maji. Masinde alipita nyuma yangu. Aliinama akasema, "Ilinipasa kukwambia tangu mwanzo." Hiyo tu, akaenda. Sijui ulimwandikia nini, lakini ana sura ya mtu aliyetoka kwa mwalimu mkuu.

Mpinzani wangu hata hakuniangalia. Wiki nzima wameambiana kwamba meza ya kwanza ya Kenya ni shamba la kuvuna, basi akaja na kikapu. Alisukuma kete harakaharaka kama mtu anayemalizia vyombo. Mimi nilikaa. Nilikuwa nimepigwa na watu wazuri siku sita mfululizo, Mwaitu, kila mmoja amenionyesha shimo lingine, na leo niliyajua mashimo yote yalipo. Alipokuja kushtuka, farasi wangu alikuwa amewashika mfalme wake na ngome yake kwa pamoja. Alichukua muda mrefu sana. Akavuta kiti karibu. Ndipo akaniangalia.

Katikati ya hapo mwenzangu mmoja alishindwa, na medali ikaenda zake. Nilijua kwa kuona mabega ya Masinde. Mpinzani wangu naye aliona, akanyoosha mkono kuniomba tuishie sare. Masinde akaniashiria nikubali, sare na mtu kama huyo ni sifa, na timu haikuwa na cha kupoteza tena. Mimi nilikuwa nacho. Nikasema hapana, tena kwa sauti, mpaka mwamuzi akanitazama vibaya. Sikuinuka. Ukumbi ulikuwa umeanza kufagiwa alipolaza mfalme wake ubaoni na kunipa mkono.

Nimeshinda, Mwaitu. Meza ya kwanza. Mwambie Baba sikutoka kwenye kiti, na mwambie kazi ya godauni sitaiomba kupitia kwake, nitakwenda mwenyewe kuwaambia nimerudi. Wakikataa, nitauza nyanya na wewe.

Timu imepata mbili kwa moja, kama kila siku. Yule aliyeshindwa leo yuko hapa chumbani. Ameelekea ukutani na hajala. Nimemwekea chai karibu, nikakaa naye bila kusema kitu, kwa sababu najua maneno yote ninayoweza kumwambia na hakuna hata moja linalofaa. Kesho barua hii ikifika, Kanyiva atakuuliza mferejini ni nani. Wewe mwambie hujui, na hutakuwa umesema uongo, maana jina lake sitakuandikia.

Naye ana mama.

Kasiva